Kimya na Mlango wa Jikoni

Fundi wa ving'ora mtaani kwetu anaitwa Kimya. Watani walimpa jina hilo zamani, alipokuwa akitengeneza redio kwenye kibanda kilichoegemea duka la viatu, kwa sababu ukimuuliza jambo anakutazama kwanza, anafikiri, ndipo anajibu. Redio zilipoacha kununuliwa hakukaa kulalamika. Alijifunza kufunga kengele za ulinzi, akabaki na bisibisi zilezile na ukimya uleule. Namjua tangu hana mvi, na habari zake sitaki zipotee.

Mwaka jana alifunga kengele kwa dada yangu mkubwa, mjane anayeishi peke yake. Aliyemwita ni mwana wa dada, anayekaa mji mwingine na huja kwa gari lake. Ndiye aliyemtembeza Kimya nyumba nzima, fanya hivi, fanya vile, dada mwenyewe akiwa sokoni. Tangu hapo raha iliisha. Dada akirudi tu, king'ora kinapasua mtaa. Anakimbilia kibao cha vitufe ukumbini, anabonyeza namba ya siri, anakosea, anaanza upya. Majirani wakaanza kununa.

Mwanawe akaja na uamuzi wake.

"Mama anasahau. Nitamhamishia kwangu, nyumba tuipangishe."

"Sijasahau kitu," dada akasema. "Kidude kinalia kabla sijaweka mguu wa pili ndani."

"Mama, kinakupa muda. Mimi nimejaribu, nikaingia, nikabonyeza taratibu, kikanyamaza."

"Basi kinakupenda wewe."

Nilicheka peke yangu. Nyumba ile dada aliijenga na marehemu shemeji, chumba baada ya chumba. Tena mtu akiambiwa kila mara kwamba anasahau, huanza kujichunguza. Nilimkuta akichambua mchele huku ananong'ona namba yake, kama mtoto anayeogopa mtihani. Hapo nikamwita Kimya bila kumwomba mtu ruhusa.

Alifika, akasikiliza pande zote mbili. Hakugusa waya hata mmoja. Alitutoa sote nje, kisha akamwambia dada:

"Mama, washa kengele, nenda dukani, halafu urudi kama unavyorudi siku zote."

"Nirudi na nini?"

"Na unachorudi nacho siku zote."

Mwanawe akasimama kuutazama mlango wa mbele. Dada akarudi na kikapu chake na viatu vya matope, akazunguka nyumba, akafungua mlango wa jikoni. King'ora kikalipuka.

Kilipozimwa, mwanawe akauliza, "Mama, mbona unapitia huku?"

"Nipite wapi na matope haya, sebuleni? Wewe mwenyewe ukitoka shule ulikuwa unapita wapi? Au siku hizi umekuwa mgeni?"

Kimya akasema polepole, "Kosa ni langu. Nilimuuliza mwenye gari, sikumuuliza mwenye nyumba."

Akatueleza. Mlango wa mbele aliupa muda, mtu aingie na kubonyeza namba. Wa jikoni aliupanga kama dirisha: ukiguswa tu, kelele.

Akasimama mbele ya kibao, akaweka namba yake ya fundi. Kikalia kidogo. Akachagua kwenye kibao namba ya kisanduku kidogo alichokifunga juu ya kabati la jikoni, kinachosimamia upande wa nyuma wa nyumba, kisha namba ya mlango wenyewe. Kila kitufe alikisubiri kijibu kabla ya kugusa kingine.

"Nikikosea hapa," alisema, "nitakuwa nimelipatia dirisha muda, na mwizi ataingia kwa nafasi yake. Mama, nikuongezee muda kidogo kwa ajili ya mizigo?"

"Niongezee wa kuvua viatu."

Tukatoka tena. Safari hii dada aliingia, akatua kikapu, akavua kiatu kimoja, akavua cha pili, kibao kikimhesabia kwa milio midogo. Akatembea miguu mitupu hadi ukumbini, akabonyeza mara moja. Kimya kabisa.

Mwanawe akatoa simu, akampigia mkewe. "Kile chumba warudishie watoto. Mama haji."

"Mwambie nitakuja kuwasalimu," dada akapaza sauti kutoka jikoni, "lakini ni kwenda na kurudi!"

Tulimwandalia fundi chai, hakuimaliza. Alisema anazo nyumba nyingine za wazee ambazo alionyeshwa na watoto wao, na anataka kuzipitia kabla jua halijazama.