Vigae vya Picha

Mzee Levi Wangila ni jirani yangu, ua wetu ni mmoja, na sijawahi kuona mtu anayeichukia baridi kama yeye. Huvaa sweta mbili na koti juu yake, halafu husimama langoni kunieleza kwamba kwao Bungoma, saa kama hii, watu wanatafuta kivuli. Mimi humuuliza, basi nani alikuita Kitale? Hujibu kwamba aliitwa na mahindi. Hapo tunaelewana, maana hata wazazi wangu waliitwa na mahindi hayo hayo.

Alipostaafu kazi ya ofisi ya kilimo alinunua nyumba ya zamani iliyojengwa na mkulima wa kizungu, yenye sakafu ya mbao na meko ukutani. Sakafu ni ya mkewe, Nasimiyu. Sisemi aliinunua yeye, lakini kila Jumamosi huipigia magoti na kuipaka polishi nyekundu mpaka ukiingia unaona pua yako chini. Viatu unaacha mlangoni, hata uwe askofu. Meko nayo kazi yake ilikuwa kumeza kuni na kutema moshi, na joto lote lilipanda na chimni kwenda kuwapasha kunguru.

Sasa, Wangila alilelewa na dada yake mkubwa, Phelista, anayekaa Misikhu, huko huko Bungoma. Wazazi wao walipofariki, Phelista aliuza mboga sokoni akamsomesha, na hakukubali kuolewa mpaka mdogo wake apate kazi. Watoto wa Wangila, Ivy na wenzake, humwita Senge, yaani shangazi, na sisi wengine tukafuata. Wangila hakutaka kitu kingine duniani ila Senge aje akae kwake mpaka achoke mwenyewe. Alikuja mara moja, wakati wa Pasaka. Alilala usiku mmoja chini ya rundo la mablanketi, na kulipokucha akabeba mkoba wake.

"Levi, mdogo wangu, nakupenda," alimwambia. "Lakini hii baridi yako, hapana. Nitarudi siku ya kukuzika, na hiyo siku pia nitauliza kwanza kama kuna jua."

Wangila alinisimulia hayo akicheka, ila macho yake hayakucheka. Iliniuma, nakwambia kweli.

Ndipo akamwendea Kimaiyo, fundi wa kuchomelea vyuma, amtengenezee jiko la chuma la kusukumwa ndani ya yale meko, lenye mlango wa kioo, lisilopoteza joto. Kimaiyo alitengeneza jiko la maana. Shida ilikuwa pua ya hilo jiko. Mbele ya meko palikuwa na kipande chembamba cha simiti, kilichomtosha mzungu na moto wake wa kule ndani. Jiko jipya lilichungulia nje mpaka likakaribia mbao.

"Mzee, joto ya chuma haipandi tu, inashuka pia," Kimaiyo alisema. "Chini yake tuweke matofali. Na hizi mbao za mbele zitoke, hatua moja nzima, tumwage simiti na vigae juu. Bila hivyo mimi siwashi."

"Zitoke ziende wapi?" Nasimiyu aliuliza kutoka jikoni.

Nilikuwepo, nilikuwa nimekuja kuazima chujio. Kimaiyo alivaa kofia yake akasema atarudi wakishaelewana.

Wakaelewana. Wangila ni mtu wa amani, na mtu wa amani akibanwa na mke na fundi hutafuta njia ya kumfurahisha kila mtu. Alishuka Bungoma, akarudi na kapeti la plastiki lililochorwa vigae. Vyeupe na bluu, vizuri sana, hadi mistari ya simiti katikati.

"Fundi alisema vigae," aliniambia akilikunjua. "Si hivi ni vigae?"

"Hiyo ni picha ya vigae, Baba Ivy."

"Wewe Mama Kim unapenda kuogopa, bana. Cheche ikianguka, si itaanguka kwa kapeti? Mbao iko salama."

Sikio la kufa halisikii dawa. Nasimiyu naye alipaka polishi kabla kapeti halijatandikwa, akarudia, ati mbao zisikauke kwa joto. Kisha akatandika kitambaa cha kufuma juu ya jiko. Hicho nilikiondoa mimi kwa mkono wangu.

Senge aliitwa kwa ahadi ya joto, akaja Julai, mwezi ambao Kitale haina huruma. Wangila alikuwa ameliwasha jiko mwenyewe tangu asubuhi, bila kumwita fundi, kwa kuni za mkaratusi. Aliketishwa kiti cha mbele, miguu yake ndani ya soksi za sufi, juu ya vigae vya picha. Tulikula kuku na ugali, na tuliposhiba akasema hawezi kukaa katika nyumba yenye joto namna hii bila kumshukuru Mungu. Tukafumba macho.

Mimi huomba jicho moja likiwa wazi. Mungu ananijua. Kwa hiyo nilikuwa wa kwanza kuona kigae kimoja kikivimba kama chapati. Harufu ikafuata. Sasa, Senge akiomba hakatizwi, hata mvua husubiri. Nikapiga bongo haraka, nikasema kwa nguvu, "Amina!" nikitumaini atafunga. Ole wangu! Alidhani nimeguswa. Akaliombea paa, akayaombea madirisha, akamwombea fundi wa jiko kwa jina.

"Amina, Senge! Amina!" nilipiga kelele.

"Amina!" Wangila akapokea, macho ameyafumba kabisa. Nasimiyu naye akapokea. Senge akachangamka, akaanza kuyaombea mahindi ya kaunti nzima.

"Na moto wako ushuke, Bwana," alisema, akakohoa, akafungua macho, akaona kwamba umeshashuka.

Aliruka. Soksi zilikataa. Yeye alitoka, zenyewe zikabaki zimeshikwa na kapeti zikitoa moshi. Wangila akanyakua chupa ya chai akaimwaga yote, chai ya maziwa na tangawizi. Tulipolibandua kapeti, chini yake polishi ilikuwa inachemka, na mbao za mbele zimekuwa makaa.

Nasimiyu alizitazama, akakaa chini, akalia. Wangila alisimama na chupa tupu mkononi.

"Dada, nimejaribu," alisema. "Kesho nitakurudisha nyumbani."

Senge, miguu mitupu, alimpokonya ile chupa.

"Nani amesema anaenda? Levi, wewe tangu utoto, ukiambiwa chimba shimo unachora shimo. Ita huyo fundi. Na wewe mama, nyamaza. Mbao ni kuni tu, imepigwa randa."

Kimaiyo alikuja na msumeno. Zilizoungua zikatoka, na nyingine nzima zikatoka pia, Nasimiyu akiwa amejifungia chumbani asisikie. Matofali yakaingia chini ya jiko, simiti ikamwagwa mbele, juu yake vigae vya kweli.

"Moto marufuku mpaka simiti ikauke," Kimaiyo alionya. "Mkiharakisha itapasuka."

Kwa hiyo nyumba ikabaki bila moto, Julai, na mvua inanyesha. Nilingoja kumwona Senge akitoka na mkoba. Hakutoka; alisema atakwenda kwao simiti ikishakauka, si kabla. Alivaa sweta za Wangila zote mbili, akaketi mbele ya jiko baridi kulinda simiti, hasa baada ya kumkuta Nasimiyu amepiga magoti pale na mkebe wa polishi. Wangila aliketi naye na koti lake. Walizungumza habari za mama yao na soko la Misikhu, na kicheko chao nilikisikia nikiwa kwangu, nikianika nguo zisizokauka.

Kimaiyo aliporudi aligonga vigae kwa kifundo cha kidole, huku na huku. "Hii imekauka kitambo," alisema. "Washeni."

Senge alivua soksi, akabonyeza kigae kwa dole gumba la mguu, akafikiri.

"Bado," alisema. "Iko na maji hapa chini. Nitangoja."

Kimaiyo alifungua mdomo kubisha. Wangila akamkanyaga mguu, polepole, kisha akaenda kumletea dada yake blanketi.