Wa Mkiani mwa Mfereji

Kwetu Meru, kikao cha mfereji hufunguliwa na anayekaa mkiani. Yeye hupata maji mwisho, kwa hiyo husema kwanza. Mama yangu alikaa mkiani, na mdomo alikuwa nao.

Mimi nilikuwa raia mchora ramani katika kambi ya jeshi iliyo juu ya mashamba yetu. Enzi hizo za soko huria kila kitu kilitanuka, mashamba ya maua Usa River, nyumba Kijenge, na kambi nayo ikataka mpango wa muda mrefu: nyumba za askari, uwanja wa shabaha, karakana ya magari. Karakana ikaangukia pale pale mfereji wetu unapoanzia.

Nikamwambia mkuu wangu, "Afande, tathmini ya mazingira itangulie. Tujue maji yatapita wapi, ndipo tuchore."

"Wewe chora," akasema. "Mazingira hayakimbii."

Nikachora. Msingi ukachimbwa, zege likamwagwa, ndipo wataalamu wakaja na gari jipya kutathmini kitu kilichokwisha kusimama. Wakaitisha kikao cha wananchi Jumamosi, siku ya soko Tengeru! Akina mama wote walikuwa wameshuka na ndizi zao. Waliobaki ni wanaume, na ndoo hawaijui. Wa kwanza kuulizwa akawa mwenye shamba la juu kabisa. Akasema hana tatizo. Angelitoa wapi?

Nikasimama, nikasema wa mkiani hajasema.

"Maoni yake yataongezwa baadaye, ndugu," mtaalamu akanijibu, huku akifungua soda. Hasira ile haijanitoka mpaka leo.

Mama aliporudi sokoni akaniuliza wamemsikiliza nani. Nikamwambia.

"Basi wamemuuliza aliyeshiba kama kuna njaa," akasema, akaingia jikoni.

Kiangazi kilichofuata mfereji ulituletea maji yenye oili, kisha tope, kisha haukuleta kitu. Nilikwenda kwa mkuu nikalalamika. Akaahidi boza la maji, likawa linakuja likikumbukwa. Migomba haingoji kukumbukwa. Ikainama mmoja mmoja, tukaikata tukawapa ng'ombe.

Mama hakuacha kwenda Tengeru. Zamani alishuka na mikungu, akapanda na kikapu kitupu. Sasa anashuka na kikapu kitupu, anapanda na ndizi za kununua.