Sala Ndefu ya Mama

Baba alinyimwa malipo ya ulemavu wa vita kwa sababu alitembea vizuri mno. Alikuwa amerudi kutoka Burma na kipande cha chuma ndani ya goti, na kwetu Kanyangi hakuweza kuteremka mtoni bila kushika kila mti uliokuwa njiani. Lakini siku alipoitwa Kitui kupimwa, alisikia jina lake likitajwa na afisa, na mguu ukasahau ubovu wake wote. Akapiga kwata hadi mezani, akapiga saluti. Daktari akaandika kwamba mguu ni mzima. Hata mimi ningeandika hivyo.

Tukakata rufaa, maana bila malipo hayo angeendelea kulima na mguu ule mpaka umwangushe shambani. Mimi nilikuwa nimeolewa Matinyani, na kila nilipokuja kuwaona wazazi nilijaribu kumfundisha baba kuchechemea. Alinijibu kwa ukali kwamba hana haja ya kufundishwa, anaumwa kweli, ila hawezi kuumwa mbele ya wakubwa. Mama alikuwa kando akipepeta ndengu, kimya. Kimya cha mama kilikuwa kitu cha kuogopwa, lakini siku hiyo sikukitilia maanani.

Siku ya rufaa tulimkuta daktari yule yule pamoja na maafisa wawili. Baba akaingia kwa kwata tena, kifua mbele. Nilitamani kumpiga kiatu. Kabla daktari hajasema lolote, mama aliomba kwa upole kikao kifunguliwe kwa maombi. Kwetu hata mkutano wa kuchimba kisima hauanzi bila maombi, kwa hivyo wote wakasimama, wakainamisha vichwa.

Sasa, mama alisifika kanisani kwa sala fupi. Nyumbani kwake chakula hakikupoa hata siku moja. Siku hiyo aliombea mvua. Akaiombea serikali, kuanzia juu kabisa hadi kwa naibu wa chifu. Akawaombea mbuzi wetu, kisha mbuzi wa majirani. Akawaombea madereva wote wa malori yanayopita Emali, ambao hakumjua hata mmoja. Na nani angemkatiza mtu anayezungumza na Mungu?

Nilifungua jicho moja. Baba alikuwa wima, jasho likimtiririka, goti likitetemeka hadi suruali ikacheza. Jicho la daktari nalo lilikuwa wazi. Mama alipofika kwa wajane wa nchi za mbali, mguu ulikataa. Baba akaangukia meza, chupa ya wino ikapinduka.

"Amina," mama akasema.

Daktari alimwinua mwenyewe, akamkalisha, akalikunja lile goti polepole. Baba alitoa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Kicheko nilichokuwa nimekibana kikaniishia, nikalia. Rufaa yetu ilikubaliwa.

Baba alinuna safari nzima. Tulipokaribia nyumbani ndipo aliposema, "Umeniangusha mbele ya wakubwa, mama watoto."

"Mzee, huo mguu nimeuona peke yangu miaka hii yote," mama akamjibu. "Leo na wao wameuona."

Tulianza kuteremka kuelekea mtoni. Baba alifika kwenye mti wake wa kwanza, akaupita, akashika bega la mama.