Mguu wa Mama Mdogo na Mbwa wa Moba

Mbwa aliposhushwa kutoka kwenye fuso la Amos hakukimbia wala hakubweka. Alisimama katikati ya uwanja, akatanua miguu yote minne kama meza, akangoja. Sisi tukamtazama, naye akatutazama, mpaka Amos akacheka.

"Anasubiri wimbi," alisema. "Huyu amekulia kwenye boti. Anadhani uwanja wenu utayumba."

Mama mdogo Coleta alimzunguka, akamwangalia masikio, akamwangalia mkia. "Wewe Amos, mimi nilikuagiza mbwa wa kulinda. Huyu atalinda nini, dagaa?"

"Dada Coleta, uliniagiza mbwa, nimeleta mbwa. Kabila hukutaja."

Mimi nilikuwa na maswali mengi, kwa sababu sijawahi kupokea mgeni kutoka Kongo mwenye miguu minne. Amos, ambaye hubeba dagaa kutoka Kasanga kuja hapa mjini Sumbawanga, alinijibu huku akifunga turubai. Alisema boti moja la mizigo kutoka Moba, Kongo, ng'ambo ya ziwa, lilipigwa na mawimbi likapasuka karibu na Kasanga. Watu wote waliokolewa. Mbwa aliletwa wa mwisho, ameng'ang'ania ubao. Nahodha wake alikuwa amevunjika mkono, na ndugu zake walipokuja kumchukua kwa boti jingine, mbwa alikuwa sokoni anatafuta vichwa vya samaki. Aliporudi, boti limeshaondoka. Tangu siku hiyo akawa anakimbilia kila boti linalofika, ananusa watu, anarudi. Njaa ikamfanya aanze kuiba samaki, na wenye samaki wakaanza kumwandalia mawe. Amos akamrusha juu ya mzigo, akaja naye.

"Jina lake nani?" niliuliza.

"Angesema, ningekuambia."

Tukamwita Moba.

Inabidi nimweleze kidogo mama mdogo, la sivyo haitaeleweka kwa nini jambo la mbwa lilikuwa gumu. Coleta ni mdogo wake mama yangu. Wazazi wangu wako Muze, kule chini karibu na Ziwa Rukwa, na mimi naishi naye tangu nilipochaguliwa kuja sekondari mjini. Sasa niko kidato cha tatu, na tumeshaishi Izia, Katandala, Majengo, na hapa Chanji. Nikizoea tu njia ya kwenda shule, tunahama. Akikosana na mwenye nyumba, tunahama. Paa likivuja, tunahama. Mara moja tulihama kwa sababu aliota ndoto. Kazi nazo ni hivyo hivyo: amepika kwenye shule ya masista, ameuza mitumba mnadani, amepika pombe ya ulezi, na sasa anaendesha guta, ile pikipiki ya magurudumu matatu ya kubebea mizigo. Hiyo ndiyo kazi aliyodumu nayo. Nadhani ni kwa sababu inakwenda.

Chai anakunywa amesimama. Akilazimika kukaa, mguu wake wa kulia unaanza kutikisika wenyewe, kisigino juu, kisigino chini, bila kupumzika. Kanisani anatikisa benchi zima. Bibi Bertilla, mama mwenye nyumba wetu, alihama benchi kwa ajili hiyo, akaenda kukaa nyuma ya nguzo.

Siku moja nilimuuliza, "Mama mdogo, kwa nini hutulii?"

Akafikiri kweli kweli. "Nikikaa naona kama kuna mahali nachelewa."

"Wapi?"

"Ningejua ningeshafika."

Mbwa alimtaka kwa sababu betri ya guta iliibwa humu humu uwanjani mchana kweupe. Kesho yake baada ya Moba kufika alimwita bwana mifugo, Loth, aje kumchoma chanjo. Loth alimchoma, kisha akatukazia macho.

"Huyu ni wa nje, hana cheti, hatujui ameumana na nani. Namwacha hapa kwa sababu uwanja wenu una ukuta. Asitoke na asihamishwe mpaka nirudi kumkagua mwezi ujao. Nikisikia yuko barabarani au kapelekwa nyumba nyingine, sitamtetea. Wanaopiga mbwa wasio na mwenyewe watampitia kama wengine."

"Hatatoka," mama mdogo alisema, huku ameshavaa kofia ya kazini.

Moba hakutoka, maana tulimfunga kamba ndefu kwenye kigingi, lakini hakutulia pia. Alikuwa anatembea kutoka pipa la maji hadi banda la kuku, anageuka, anarudi hadi pipa la maji, anageuka. Njia ni ile ile, kona ni ile ile, mpaka majani yakakatika na udongo ukang'aa. Nilikaa kwenye ngazi na daftari la historia nikawa naangalia yeye badala ya kusoma. Kuna siku nikaelewa: ule ndio ulikuwa urefu wa boti. Upepo ukivuma, na huku Ufipa mwezi wa Juni upepo haubishi hodi, anasimama, anatanua miguu, anangoja uwanja uinuke na kushuka. Hausogei. Basi hapo ndipo anapoinua pua na kulia. Halikuwa bweko la mbwa ninaowajua. Lilikuwa jambo refu, linapanda, linakaa juu, halishuki.

Masanja, anayetuletea maziwa kwa baiskeli, alikuwa na dawa. "Kwetu Usukumani mbwa mgeni humfungi kamba. Unachukua tonge la ugali, unalibana kwapani mpaka lilowe jasho lako, unampa. Akishakula jasho lako haendi popote."

"Masanja, Sumbawanga mwezi wa Juni jasho nalitoa wapi?"

"Hiyo sasa ni kazi yako, dada. Mimi nimetoa dawa tu."

Mama mdogo alifanya kweli. Alibana tonge kwapani, akavaa sweta mbili, akapakua magunia ya mahindi kutoka kwenye guta, akayapakia tena, akayapakua tena, huku mkono mmoja umebana kama kuku mwenye bawa bovu. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Moba alikula lile tonge, akamlamba vidole kwa adabu, akarudi kwenye njia yake. Pipa, banda. Banda, pipa.

Masanja alitazama asubuhi yake, akatikisa kichwa. "Labda jasho lako nalo halitulii."

Siku ya Jumanne Bibi Bertilla alitoka nje amejifunga kanga kifuani, jambo ambalo lina maana kwamba amekuja kikazi.

"Shikamoo mama," mama mdogo alisema.

"Marahaba. Coleta, Jumamosi jumuiya inasali kwangu. Zamu yangu imefika. Watu watakaa hapa uwanjani, tutasali rozari. Mbwa wako akilia katikati ya sala kama alivyolia jana, namwambia kijana wa kata aje amtoe. Mimi nimevumilia. Au uondoke naye kabla, mwenyewe ujue."

"Mama, akitolewa watampiga."

"Sikumleta mimi kutoka Kongo."

Mama mdogo alifanya alichozoea: alimpigia simu dalali. Mpaka Alhamisi dalali alikuwa ameshapata chumba Izia, kizuri, chenye luku yake ya umeme. Nilikuwa pembeni nikamsikia kwenye simu: "Ila dada, hakina uwanja. Mwenye nyumba kasema mbwa hapana."

Alikata simu akaanza kukunja nguo, kisha akazikunjua, kisha akazikunja tena. Nilijua anachofikiri, maana hata mimi nilikuwa nakifikiri. Tukienda Izia, Moba anabaki. Akibaki bila mtu, analia. Akilia, anapigwa.

"Tutaondoka?" niliuliza.

"Sijui."

Sijawahi kumsikia akisema hajui kama ataondoka.

Ijumaa mchana alikata shauri akakione hicho chumba, kukiona tu. Alitoka nje akawasha guta. Injini ikakohoa, ikashika, bodi zima la mizigo likaanza kutetemeka. Moba akasimama katikati ya njia yake kama aliyeitwa. Akavuta kamba mpaka kigingi kikang'oka ardhini, akarukia ndani ya bodi, akazunguka mara moja, akajikunja, akafumba macho. Amelala! Masikio yalilegea, mdomo ukalegea, mguu mmoja ukaning'inia.

"Mama mdogo, amelala!"

Alizima injini kwa mshtuko. Moba akafungua macho, akainuka. Alipowasha tena, Moba akalala. Alipozima, akaamka. Tukatazamana.

"Kesho tutawasha wakati wa sala," nilisema.

"Bibi Bertilla asali na injini inanguruma? Na petroli nimnyweshe mbwa?" Akapanda akakaa kwenye ukingo wa bodi, kichwa mikononi. "Mimi nimechoka na huyu Mkongo. Nilitaka mlinzi, nimepata abiria."

Alikaa anafikiri, na kwa kuwa alikaa, mguu ukaanza. Kisigino juu, kisigino chini. Springi za guta lile zimelegea siku nyingi, kwa hiyo bodi likaanza kuyumba, taratibu, kulia, kushoto. Moba, aliyekuwa ameshasimama, akaketi. Akaangalia huku, akaangalia kule. Akashusha kichwa.

"Usiache," nilinong'ona.

"Nisiache nini?"

"Mguu."

Aligeuka, akamwona mbwa amelala nyuma yake. Akajitazama goti, kama mtu aliyeonyeshwa kitu chake kilichopotea. Chumba cha Izia hakukiona siku ile.

Jumamosi jumuiya ilikuja. Wazee kwenye mabenchi, akina mama kwenye mikeka, sanamu ya Bikira Maria juu ya stuli yenye kitambaa cheupe. Guta likiwa limeegeshwa kando ya banda la kuku, mama mdogo juu ya ukingo wa bodi na rozari mkononi, Moba ndani. Watu walimwangalia Coleta kwa mshangao, si kwa sababu ya mbwa, bali kwa sababu alifika kabla ya sala kuanza. Kwa kawaida hufika kwenye baraka ya mwisho.

Bibi Bertilla aliongoza. Salamu Maria moja baada ya nyingine, na mguu wa mama mdogo ukifuata. Upepo ulivuma ukapeperusha kitambaa cheupe, Moba hakujali. Tendo la kwanza la rozari likapita. La pili likapita. Mimi sikuwa nasali, Mungu anisamehe, nilikuwa naangalia kisigino.

Kwenye tendo la tatu kisigino kilianza kusita. Mama mdogo aliuma mdomo. Alijaribu mguu wa kushoto, lakini mguu wa kushoto haujui ile kazi. Ulitikisa kidogo ukakosea, bodi likashtuka badala ya kuyumba. Akarudi kwenye wa kulia. Tendo la nne ukafa ganzi kabisa. Niliuona umening'inia kama si wake.

Guta likatulia. Moba akainua kichwa. Akasimama, akatanua miguu. Pua ikaanza kupanda.

Nilitaka kukimbia, lakini nilikuwa nyuma ya mabenchi mawili ya wazee. Bibi Bertilla alikuwa mbele, karibu. Alimwona mbwa, akamwona Coleta anajipiga ngumi pajani, machozi yanamlengalenga. Hakuacha sala. Aliinuka na rozari yake mkono wa kulia, akatembea hadi kwenye guta huku anasema Salamu Maria kwa sauti ile ile, akashika ukingo wa bodi kwa mkono wa kushoto, akaanza kulisukuma. Kulia, kushoto. Nadhani amelea watoto wengi yule, maana alipata mwendo mara moja, vizuri kuliko hata mguu wa mama mdogo. Pua ya Moba ilisimama hewani, ikafikiri, ikashuka. Akajikunja, akalala.

Jumuiya nzima iliitikia kwa nguvu zaidi, kusema kweli.

Bibi Bertilla alisali tendo la tano lote amesimama pale, anabembeleza mbwa wa Kongo mbele ya wazee wa jumuiya. Watu walipoanza kunywa togwa alimgeukia mama mdogo.

"Coleta."

"Abee mama."

"Mbwa wako anasali vizuri kuliko wewe." Akajifuta mkono kwenye kanga. "Lakini leo umekaa. Sijawahi kukuona umekaa mpaka mwisho."

Simu ya mama mdogo ikaita. Alikuwa dalali, nilimsikia hadi pale nilipokuwa: "Dada, chumba kina mtu mwingine anakitaka. Unakuja au nimpe?"

"Mpe."

"Umepata kizuri zaidi?"

"Hapana," mama mdogo alisema. Mguu ulikuwa umeanza kurudiwa na damu, anaukanda kwa kidole gumba. "Nina mtu amelala hapa. Siwezi kuinuka."

Loth alirudi mwezi uliofuata, akamkagua Moba, akaruhusu atoke. Sasa anapanda guta kila siku, analala juu ya magunia ya ulezi na mifuko ya saruji, na sokoni wanamwita abiria. Betri ya pili haijaibwa, ingawa sijui kama ni kwa sababu yake. Guta likiwa gereji bado anatembea, pipa, banda, na Bibi Bertilla huenda kulalamika, halafu unamkuta amekaa pale anamsimulia kitu kwa Kifipa.

Jambo moja tu halijaisha. Tukifika njia panda ya kwenda Matai na Kasanga, Moba huamka. Hatujawahi kumfundisha ile barabara, na aliipita mara moja tu, juu ya dagaa wa Amos. Anasimama, anatanua miguu, anainua pua upande wa ziwa. Mama mdogo naye anapunguza mwendo, mpaka watu wa nyuma wanapiga honi. Nilimuuliza kwa nini anapunguza, badala ya kupita haraka.

"Akitaka kushuka asiumie," alisema, haangalii nyuma.

Mpaka leo hajashuka. Lakini kila tukipita pale, mimi ndiye ninayegeuka kumtazama, na mguu wa mama mdogo, ule wa kwenye breki, unatikisika.