Nani Atamsimulia Mechi?

Jumatatu nilikuwa kwenye ofisi ya michezo hapa Karatu, ambako mashabiki waliitwa kuelezwa kwa nini timu yao inahamia uwanja mpya. Nusu walishangilia, nusu walizomea.

"Mimi kule sikanyagi!" alifoka mkulima mmoja wa kata ya Daa.

Jirani yake, mwenye skafu ya timu na fimbo nyeupe, akamshika mkono wa shati. Haoni, na kila mechi mkulima huyu ndiye humsimulia.

"Usipokanyaga wewe, mimi nitaona nini?"

Ofisa akatabasamu. "Usihofu, mzee wangu. Kutakuwa na spika kubwa, za kisasa."

"Spika itaniambia refa anatuonea?"

Ofisa akapekua karatasi zake.

Mkulima akashusha pumzi. "Haya, nitakuja. Lakini sishangilii, hata tukifunga!"

"Sasa ukinyamaza, nitajuaje tumefunga?"

Ofisa akafunga kikao, akitangaza kwamba wadau wote wameafikiana. Labda kwa lugha ya ofisi ndivyo. Mimi nilimwona yule mwenye fimbo nyeupe akielekea mlangoni, vidole bado vimeng'ang'ania shati la jirani yake.