Fundo la Ndama kwenye Gunia la Vitunguu

Saa moja na nusu asubuhi, Amne Salumu ameshapiga goti juu ya gunia la vitunguu kama anayemkaba mwizi. Mkononi ana shazia, ile sindano nene ya kushonea magunia, na kamba inapita huku na huko juu ya kichwa cha gunia. Anavuta, anakaza, anapiga fundo. Kabla hujamaliza kumwamkia ameshahamia gunia la pili.

"Salamu naitikia, ila mkono hausimami," anasema bila kuinua kichwa.

Hapa ni kwenye uwanja wa kupakia vitunguu, pembezoni mwa Singida Mjini. Hatua chache kutoka kwake anashona mumewe, Mughwai. Wametoka kijijini kwao kwa baiskeli moja, kama kila siku. Ukiuliza nani amekanyaga pedali leo, wote wawili wanacheka tu.

Amne ana miaka thelathini na minne na watoto watatu, mkubwa wao akiwa Stumai. Leo yeye na mumewe wanalipwa shilingi mia tano kwa kila gunia. Mpaka katikati ya msimu uliopita haikuwa hivyo.

Kwa misimu mitatu Amne alilipwa mia tatu kwa gunia lile lile, kwa kamba ile ile. Kwa magunia thelathini, Mughwai alipata elfu kumi na tano kwa siku, Amne elfu tisa. Na hata hiyo elfu tisa hakuigusa pale uwanjani. Pesa za wake ziliwekwa kwenye kiganja cha waume, na kwenye daftari la msimamizi hakukuwa na Amne. Palikuwa na "mke wa Mughwai".

"Niliuliza mara moja tu," anakumbuka. "Bosi akaniambia, Mama Stumai, wewe si unalishwa na mume? Nikarudi kwenye gunia langu. Lakini iliniuma, sitaficha."

Msimamizi mwenyewe, Calist, ni mpole na wala hakatai. "Nilikuta wanafanya hivyo, nami nikaendeleza," anasema.

Na Mughwai? Anajikuna shingo kwanza. "Nilikuwa nampa pesa zake zote tukifika nyumbani. Nikajiona mume mwema kweli kweli."

Mambo yalibadilika Juni mwaka jana. Magunia kumi na mawili yalipasukia njiani, vitunguu vikamwagika kwenye lori, na mnunuzi akarudisha magunia matupu ili alipwe hasara yake. Calist hakutaka maneno mengi. Aliwakusanya wanawake watano wa shazia akawaambia hiyo ni kazi ya mikono laini. Watakatwa fedha za hasara, kisha warudi kuchambua vitunguu kwa elfu nne kwa siku.

Amne aliokota gunia moja. Mshono ulikuwa umefumuka katikati, maana hatua zake zilikuwa pana mno, lakini fundo la mwisho bado lilining'inia pembeni.

Lilikuwa fundo la kufungia ndama. Hapo uwanjani hupigwa na mtu mmoja tu, aliyefundishwa na baba yake zizini. Amne hulifungua kila asubuhi kabla ya kukamua.

"Nilijua papo hapo," anasema. "Nikisema, namvua nguo mume wangu mbele za watu. Nisiposema, mimi na wenzangu shazia ndiyo basi. Nikabaki nimelishika lile gunia."

Flora, mwenzake wa kushona, alikuwa pembeni yake. "Amne alilikodolea macho lile fundo," anasema. "Tulidhani anaumwa."

Kisha Mughwai akasogea, akalichukua gunia mkononi mwa mkewe.

"Bosi, hili fundo ni langu," alisema. "Na hayo mengine yote. Nilikuwa nakimbilia idadi."

Yakakaguliwa yote kumi na mawili, la mwanamke halikupatikana hata moja. Hapo ndipo Amne alipopata sauti.

"Kumbe kazi yetu mnaijua pale tu mnapotafuta wa kukatwa," alimwambia Calist. "Basi tulipeni kama wao, na kila mmoja apewe mkononi mwake."

Calist alisema atafikiria. Wanawake wakaweka shazia chini, na Mughwai akaweka yake. Siku ya pili lori la mzigo mwingine lilikuwa bado limesimama likisubiri magunia, vitunguu vikianza kuharibika juani, na Calist akamaliza kufikiria. Jioni ile aliandika kwenye daftari: Amne Salumu, mia tano.

Mughwai alikatwa hasara yake yote, wiki tatu mfululizo. Amne ndiye aliyelisha nyumba. "Hakunisimanga hata siku moja," anasema Mughwai. Siku hizi gunia lake la kwanza kila asubuhi humpelekea mkewe alikague.

Sasa Amne anaweka akiba. Msimu ujao anataka kukodi kipande cha uwanja na kuwa na kikosi chake cha kushona, wanawake kwa wanaume. Na yeye Amne atamlipa Mughwai shilingi ngapi?

"Mia tano, kama wengine," anajibu. "Akiacha kukimbilia idadi."

Kutoka upande wa pili wa rundo, Mughwai anainua kichwa. "Na pesa yangu utampa nani?"

"Mkononi mwako, Baba Stumai," anasema Amne, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii shazia yake inasimama. "Na kwenye daftari nitaandika jina lako."