Sidiria Niliyomchagulia Wifi

Kumpima mtu nguo ni kumkumbatia. Wateja hawalifikirii hilo, lakini fundi analijua. Ili futi kamba izunguke kifua, lazima upitishe mikono chini ya kwapa za mtu, uzikutanishe ncha nyuma ya mgongo wake, na kwa kitambo kifupi vifua vyenu vinagusana. Wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, aliwakumbatia wanawake wa mtaa wetu kwa miaka ishirini na sita. Walimbandika jina la Sentimita kwa sababu hakukubali kukadiria. Ukimwambia kiuno chako ni sabini na nne, atapima, atasema sabini na tisa, na mjadala umekwisha.

Kazi yake aliifanyia katika chumba cha mbele cha nyumba aliyoijenga baba yao, mwalimu mkuu aliyeheshimiwa hata na waliomchukia. Mlikuwa na cherehani mbili, meza ya kukatia iliyojaa alama za chaki, pazia la kubadilishia nguo, na msumari ukutani wa kutundika mkasi. Wifi ni mashoto. Mkasi ule mume wangu alimnunulia safarini. Umetengenezwa kwa mkono wa kushoto, na mtu mwingine akiushika unatafuna kitambaa badala ya kukikata.

"Fundi, hapa kifuani niongezee kidogo, Mungu alinibania," mteja mmoja alimwambia siku nilipokuwa nimekaa pale.

"Hakukubania, wewe ulichelewa foleni," wifi alijibu, pini zikiwa midomoni. "Na acha kuvuta pumzi. Utashonewa nguo ya mwenzio."

Hivyo ndivyo alivyokuwa kabla ya kukatwa titi la kushoto.

Uvimbe aliugundua mwenyewe akioga. Operesheni ilifanyika mwezi huohuo, kisha zikaja dawa za mishipani zilizomwondolea nywele na kumkausha mwili. Majirani, hata binti yangu, niliwaambia ana uvimbe wa tumbo. Siandiki haya ili nijisafishe. Mama mkwe wangu alikufa kwa ugonjwa huohuo, nasi tukasema ni kichomi. Sasa binti yangu wa pekee alikuwa amechumbiwa na kijana wa familia nzuri, na watu nawajua: wangesema ukoo ule una kitu, wanawake wake huozea kifuani. Mume wangu hakuniachia mali, aliniachia jina la nyumba hii. Nikalilinda.

Siku ya kuruhusiwa, muuguzi alitueleza vizuri. Kwa sasa avae sidiria laini yenye pamba nyepesi ndani. Jeraha likishapona, baada ya wiki sita hivi, turudi kwenye chumba cha mwisho cha korido. Humo yumo mama anayewapima waliokatwa, na kuwachagulia titi bandia na sidiria inayowafaa. Nilikwenda kuchungulia. Mama mwenyewe alikuwa shangazi wa mchumba wa binti yangu.

"Pale hurudi," nilimwambia wifi tukiwa kwenye teksi.

"Nitavaa nini basi?"

"Nitakutafutia mimi."

"Wifi, kifua hakinunuliwi kwa kukisia."

"Kwani mimi sina macho?"

Akageukia dirishani. Alikuwa amechoka, na aliyechoka hana ubishi.

Wiki ya saba nilichukua sidiria yake ya zamani, nikaikunja ndani ya mfuko, nikaenda hadi mji mwingine ambako hakuna anayenijua. Muuzaji aliniuliza mgonjwa yuko wapi. Nikasema yuko mbali. Akauliza kama amepungua mwili tangu augue. Nikasema hapana, maana nilitaka maswali yaishe nitoke. Nilinunua titi la silikoni lililojaza kikombe cha ile sidiria barabara, pamoja na sidiria mbili za kupendeza: lesi mbele, kamba nyembamba, waya chini. Mimi, niliyefundisha hesabu sekondari hadi nikastaafu, nilimnunulia mtu kifua cha mwili aliokuwa nao mwaka uliopita.

Lilikuwa zito kama pakiti ya unga. Kamba ilimchora mfereji begani, waya ulikaa juu ya kovu, na ikifika mchana wifi alitembea ameinama upande mmoja kama aliyebeba ndoo.

"Linakaa?" nilimuuliza.

"Lenyewe linakaa," alisema. "Mimi ndiye sikai."

Nilidhani anatania. Wiki mbili baadaye akaja mteja wa kupimwa gauni. Wifi alipitisha futi, akamkumbatia, na lile titi likateleza ndani ya sidiria iliyompwaya, likasukumwa hadi kwapani.

Mteja akaangua kicheko. "Fundi, unaficha nini humo? Simu au kilo ya sukari?"

Nasikia wifi naye alicheka. Aliandika vipimo, akamsindikiza mteja hadi mlangoni, akafunga chumba saa nne asubuhi.

Tangu siku ile hakumpima mtu. "Leteni nguo inayowakaa, nitaiiga," aliwaambia. Wachache walileta. Nguo ya kuiga ina kasoro zake, na mikono ikaanza kutoka mifupi, mabega yakakataa. Waliomtania zamani sasa walimsema. "Sentimita siku hizi anaringa," nilisikia dukani. "Anatushikia mbali kama tuna ukurutu." Mwaka haujaisha, cherehani moja ilikuwa imefunikwa shuka. Wifi akaanza kuvaa mikono mirefu hata kwenye joto, na saa yake ya mkono wa kushoto akaihamishia kulia. Niliyaona hayo. Nikayapa jina la uchovu, ingawa kazi haikuwepo.

Tarehe ya harusi ilipopangwa, binti yangu aliingia chumba cha mbele na kitambaa cha gauni begani.

"Shangazi, nipime."

"Lete gauni lako la zamani, mwanangu, nitaiga."

"La zamani? Kwani mimi mteja wa barabarani? Tangu nizaliwe lini umenishonea kwa kuiga?" Akacheka, akamvamia kwa mikono miwili. "Haya, kama hunikumbatii nakukumbatia mimi!"

Wifi alipiga yowe. Si kubwa, lakini binti yangu alimwachia kama aliyeshika pasi ya moto. Walitazamana. Kisha wifi akaingiza mkono ndani ya blauzi, akalitoa lile titi, akaliweka juu ya meza ya kukatia, kati ya chaki na pini.

"Hiki ndicho kinachonifanya nisiwapime," alisema.

Binti yangu alikitazama. Halafu akanitazama mimi, niliyekuwa nimesimama mlangoni.

"Mama, ulisema tumbo."

"Nilisema kwa ajili yako. Ungepoteza ndoa."

"Kwa hiyo shangazi ndiye apotee?"

 

Kesho yake tulikwenda sote watatu kwenye chumba cha mwisho cha korido. Yule mama aliinuka, akatupa viti, wala hakushangaa.

"Karibuni. Nimewangoja mwaka mmoja na miezi minne."

"Ulijua?" nilimuuliza.

"Jina lake lilikuwa kwenye orodha yangu tangu alipolazwa. Nilipiga simu mara mbili, ukapokea wewe. Uliniambia nimekosea namba." Alisema bila ukali. "Na kama unaogopa ya nyumbani, kwetu hajui mtu hata mmoja. Ya mgonjwa hayatoki humu."

Jina nililokuwa nikilifungia kwa kufuli, yeye alikuwa amelitunza muda wote, kimya, bila kuombwa.

Alimpima wifi chini ya kifua na juu yake. Alimwambia ainame, ainue mikono, ageuke, aketi. Alijaribu matiti matatu, akiangalia kwenye kioo kama mabega yamelingana, akichomeka vidole viwili chini ya kamba kuona kama inapumua. Mwishowe alichagua jepesi, linaloingia katika mfuko wa pamba ulioshonwa ndani ya sidiria, ili lisiteleze hata akikumbatia. Sidiria ilikuwa ya kamba pana, imepanda juu chini ya kwapa, haina waya. Haikuwa na urembo wowote. Wifi alivuta pumzi ndefu, nami nikatambua kwamba sikuwa nimeisikia pumzi yake kwa zaidi ya mwaka.

Kisha yule mama akakunja mkono wa kushoto wa blauzi. Alibonyeza ngozi kwa kidole gumba, na shimo likabaki pale.

"Huu mkono umechelewa," alisema. "Sisemi lile titi zito peke yake ndilo lililouharibu. Wengine waliokatwa titi huvimba mkono hata wakitunzwa vizuri. Lakini mngekuja mapema, ningeuona ukiwa mwembamba. Sasa tutauzuia usizidi. Kuurudisha ulivyokuwa, siwezi kuahidi."

Jioni hiyohiyo wifi alimpima binti yangu. Mimi niliandika, kwa kuwa vidole vyake havikushika kalamu vizuri. Alimkumbatia, na wakakaa hivyo muda mrefu kuliko futi inavyohitaji.

"Kifua, themanini na sita," alisema. "Wifi, andika themanini na sita. Usikadirie."

Niliandika.

Alitandaza kitambaa, akachora kwa chaki, mstari kwa mstari, akipumzika kila baada ya muda. Kisha akatungua mkasi. Kidole gumba kiliingia kwenye tundu. Vingine vilikataa. Alivilazimisha hadi ngozi ikawa nyeupe, akavitoa. Akajaribu mkono wa kulia, na mkasi ukatafuna pindo kama ulivyotutafunia sisi wote. Aliurudisha msumarini taratibu.

"Mpelekeeni yule fundi wa sokoni," alisema. "Mwambieni asitoke nje ya chaki."

Binti yangu aliolewa na gauni lile. Lilimkaa, na hakuna aliyeuliza nani alikata. Wanawake wachache wamerudi siku hizi. Wifi anawapima, mimi naandika, wa sokoni anakata. Huwatania kidogo, si kama zamani. Sidiria za lesi nilizichoma nyuma ya nyumba. Mkasi uko palepale ukutani. Kila wiki naupaka mafuta ya cherehani usishike kutu, naye hunitazama nikiupaka, haniambii niache.